Kirutubisho si Dawa: Utafiti wa Viungo vya Farasi

Makala haya yanaeleza suala linalomkabili mwanafunzi wa uzamili katika afya ya wanyama anapochagua kutafiti virutubisho vya viungo vya farasi, hususan Amerika Kaskazini ambako bidhaa hizi huuzwa kwa wingi. Huenda msomaji akajiuliza farasi anatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Jibu limo katika maneno mawili: dawa na kirutubisho.

Ncha za mifupa ya farasi, sawa na zetu, zimefunikwa kwa gegedu linaloteleza na kulainishwa na ute wa kiungo. Gegedu halina mishipa ya damu. Likilika, hujirekebisha kwa shida mno. Farasi wa mbio au wa kuruka viunzi huanza kuchechemea, na mwenyewe hutafuta chochote kitakachompunguzia mnyama wake maumivu. Hapo ndipo anapokutana na mkebe wa unga wenye glukosamini, ambayo aghalabu hutolewa katika maganda ya kaa na kamba wa baharini, pamoja na kondroitini itokanayo na gegedu la wanyama kama ng'ombe.

Nchini Marekani, bidhaa inayodai kutibu ugonjwa huhesabiwa kisheria kuwa dawa, na mtengenezaji hupaswa kuthibitisha kwanza kwamba inafaa. Kwa hivyo kibandiko cha mkebe hudai tu kwamba unga huo husaidia kudumisha afya ya viungo. Kitenzi "kutibu" kimeondolewa, nao mzigo wa ushahidi ukaondoka nacho na kumwangukia mtafiti.

Mtafiti huyo huanzia mkebeni. Mwaka 2006 watafiti nchini Kanada walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 23 za farasi: 9 kati yazo zilikuwa na glukosamini pungufu kuliko ilivyodaiwa. Kisha hufuatilia safari ya unga wenyewe mwilini. Farasi wa kilo 500 hupewa takribani gramu 10 za glukosamini kwa siku. Tafiti zimeonyesha kwamba chini ya asilimia 10 ndiyo inayofika katika damu, na kiasi kinachoingia katika ute wa kiungo ni kidogo mno kikilinganishwa na kile kilicholeta manufaa maabarani.

Hatua ngumu zaidi ni ya tatu, kwani farasi hasemi. Mwenyewe aliyekwisha kutumia fedha huiona nafuu upesi, hata pale ambapo ni mapumziko yaliyoileta. Ndiyo maana kundi moja hupewa kirutubisho na jingine unga mtupu, bila mlishaji kujua kipi ni kipi, kisha kila farasi hutembezwa juu ya bamba linalopima nguvu ya kila mguu. Majaribio ya namna hii ni ghali, na farasi wanaoshirikishwa huwa wachache. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2009 yalihitimisha kwamba ushahidi uliokuwapo kuhusu glukosamini ulikuwa wa ubora wa chini.

Unga huo kwa kawaida haumdhuru farasi. Kinachomdhuru ni kulishwa unga badala ya kupelekwa kwa daktari, huku akiendelea kupandwa kila asubuhi juu ya kiungo kinacholika.