Fahamu: Kwa nini uongozi wa Gécamines unaigusa kila nyumba Lubumbashi

Gécamines ni kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, yenye makao makuu Lubumbashi. Kila viongozi wake wanapobadilishwa kwa amri ya rais, mji huuliza: je, sura mpya zitaleta tofauti?

Ilikotoka

Gécamines ilirithi kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906 na kutaifishwa siku ya kwanza ya 1967. Mwaka 1986 ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Mfanyakazi alipata mshahara, nyumba, shule ya watoto, hospitali na posho ya unga.

Ilivyoanguka

Haikuanguka kwa siku moja. Kwa miaka mingi fedha za shaba zilikwenda Kinshasa badala ya kununua mashine na vipuri. Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto uliporomoka. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Meneja hata awe hodari vipi, hawezi kuutunza mgodi ambao mapato yake yanaamuliwa na wengine. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango wa hiari, wengi wakiwa wamekaa miezi mingi bila mshahara.

Leo

Migodi mikubwa inaendeshwa na wabia. Huko Tenke Fungurume, chini ya CMOC ya China, Gécamines ina asilimia 20. Makubaliano ya 2023 na CMOC yanaipa Gécamines dola milioni 800 kwa miaka sita. Viongozi wapimwe kwa fedha hizo: zifufue uchimbaji wa kampuni yenyewe, na hesabu zake zichapishwe.