Chubwi Yaishinda Dhahabu: Mabingwa wa Ligi ya Elektroni

Ndani ya kila waya wa umeme kuna ligi isiyojua mapumziko. Upande mmoja ziko elektroni, wakimbiaji. Upande wa pili ziko atomi, zimejipanga safu kwa safu kama matundu ya wavu, kila moja ikitetemeka palepale ilipo. Joto likipanda, mtetemo unazidi, na mkimbiaji anazidi kugongwa. Nishati ya mitetemo hiyo huja kwa mafungu, na kila fungu wanafizikia huliita fononi. Elektroni ikigongana na fononi, waya unapata moto na pasi inanyoosha nguo. Zikielewana, yanatokea maajabu ambayo tutayafikia namba 5.

Tumesimama Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, kuwapanga mabingwa. Masharti ni mawili tu: rekodi iwe imepimwa, na mtetemo wa atomi uwe umecheza.

1. Pambano lenye tofauti kubwa ya uzito

Atomi moja ya shaba ina uzito wa elektroni 115,800 hivi. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kwa hiyo elektroni moja kuivaa atomi ya shaba ni sawa na mtu mmoja kuuvaa mji mzima wa Mtwara, Mikindani ikiwemo, na bado nafasi ya wageni elfu saba inabaki!

Elektroni inachokosa kwa uzito inakipata kwa wingi. Kipande cha shaba cha milimita moja ya ujazo, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, kina elektroni huru bilioni 85 mara bilioni moja. Ukiwagawia watu wote duniani, kila mmoja anaondoka na bilioni 10 na ushei.

2. Mwenye kasi kubwa na maendeleo madogo

Katika shaba, elektroni zinazobeba umeme hukimbia kilomita 1,570 kwa sekunde. Basi la Dar es Salaam hung'oka Mtwara alfajiri, likakata kilomita zaidi ya 550, na abiria wakashuka wamechoka. Elektroni, njia ikiwa nyeupe, ingefika kabla ya nusu sekunde kwisha.

Lakini njia haiwi nyeupe. Katika joto la kawaida elektroni ya shaba hupita nanomita 40 tu kabla ya kugongwa na kugeuzwa, na kwa kasi yake hiyo inagongwa mara trilioni 40 hivi kwa sekunde. Inarudi nyuma, inaenda pembeni, inazunguka. Ukipitisha ampea 5 kwenye waya wa nyumba wa milimita 2.5 za mraba, kusonga mbele kwa kweli ni milimita 0.15 kwa sekunde. Mita 10 kutoka kwenye mita ya LUKU hadi soketi ya chumbani zingechukua saa 19. Ndani ya saa hizo basi letu limeshafika Dar na liko njiani kurudi.

Na hapo tumeisaidia elektroni kwa kudhani umeme unakwenda upande mmoja. Umeme wa TANESCO hugeuza mwelekeo, mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo elektroni hiyo inapiga hatua ya takriban elfu moja ya milimita na kurudi ilikotoka. Umeme wa Mtwara huzalishwa kwa gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Elektroni zinazowasha taa yako hazijawahi kukaribia mtambo wowote. Ni za hapohapo nyumbani kwako, zilikuja na waya kutoka dukani. Kinachosafiri ni msukumo.

3. Mtetemo wenye kasi ya ajabu

Almasi! Atomi zake za kaboni ni nyepesi na zimefungamana kwa nguvu, hivyo hutetemeka mara trilioni 40 kwa sekunde. Redio ya FM husikika kwa masafa ya megahezi 100 hivi, na almasi huizidi mara 400,000. Ndiyo maana almasi husafirisha joto mara tano ya shaba, na hufanya hivyo bila kutegemea elektroni huru hata moja: fononi zinabeba mzigo wote zenyewe. Tanzania ina haki ya kutamba hapa, kwani mgodi wa Mwadui, Shinyanga, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ulitoa mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5, iliyokatwa ikabaki 23.6 na kupewa Elizabeth wa Uingereza kabla hajawa malkia.

4. Safari ndefu bila kugongwa

Ichukue shaba safi kabisa, ipoze hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Mitetemo inatulia, na elektroni inapita milimita 3 nzima bila kuguswa na kitu. Milimita 3 ukiitaja kijiweni utachekwa, lakini ukumbuke tulianzia nanomita 40. Ni nyongeza ya mara 75,000. Kama kwenye joto la Mtwara unagongwa kila unapopiga hatua moja ndefu, kwenye baridi hiyo ungeianza barabara ya Lindi, ukaimaliza sehemu yake kubwa, ndipo ukutane na mtu wa kwanza wa kukugonga.

5. Aliyepindua meza: risasi

Hapa ndipo penye utamu, na hapa refa anaruhusu muda wa nyongeza.

Kwenye joto la kawaida jedwali la upitishaji umeme linasomeka hivi: fedha ya kwanza, shaba ya pili, dhahabu ya tatu, aluminiamu ya nne. Risasi iko mkiani. Ukinzani wake ni mara 12 ya shaba na zaidi ya mara 9 ya dhahabu. Mvuvi wa Msimbati anaifunga kwenye mshipi iwe chubwi, inazama, kazi yake imekwisha. Hakuna aliyewahi kuipigia makofi.

Sasa shusha joto. Fedha, shaba na dhahabu zinapunguza ukinzani taratibu, kisha zinafika mahali zinagoma: ukinzani kidogo unabaki, hata ufanye nini. Hadi leo hakuna aliyeziona zikivuka mstari. Risasi ikifika kelvini 7.2, yaani nyuzi 266 chini ya sifuri, ukinzani wake unakatika ghafla. Haupungui, unakwisha! Sifuri. Chubwi ya mvuvi imeiacha dhahabu yote ya Geita nyuma.

Sababu ni ileile iliyoiweka mkiani. Atomi za risasi ni nzito na fungamano lake ni laini, hivyo elektroni ikipita, atomi za jirani, zenye chaji chanya, zinavutwa kuielekea. Elektroni inakimbia na kuacha nyuma yake sehemu iliyojikusanya chaji chanya, na elektroni ya pili inavutwa na sehemu hiyo. Zikawa mbili, pamoja, ingawa kwa asili elektroni hukimbiana. Jozi hizo zote zikitembea kwa mwendo mmoja, hakuna mtetemo mdogo wa kuzitawanya. Nguvu ya mvuto huo kati ya elektroni na mitetemo, kwenye risasi, ni mara 10 hivi ya kwenye shaba. Penye joto, ukaribu huo ni vurugu ya migongano. Penye baridi kali, ni ndoa. Shaba na dhahabu zinapitisha umeme vizuri mchana kwa sababu elektroni zake hazijali sana atomi, na kwa kutojali huko zinakosa kombe la usiku.

Kwa wanaopenda takwimu: katika elementi zilizo kwenye kanieneo ya kawaida, kinara ni niobiamu, kelvini 9.25. Risasi si ya kwanza, lakini ndiyo niliyoishangilia.

6. Ndoa ya mbali zaidi

Angalia jikoni. Sufuria ya aluminiamu, ikipozwa hadi kelvini 1.2, inafunga ndoa za elektroni zilizoachana nanomita 1,600. Kati ya mke na mume zinapangika atomi zaidi ya 5,000. Zigeuze atomi hizo ziwe watu waliosimama kwa kuachana mita moja, na foleni inatoka Mtwara mjini hadi zaidi ya nusu ya njia ya Mikindani. Na bado mawasiliano hayakatiki!

7. Swali lililokaa muda mrefu bila jibu

Tarehe 8 Aprili 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake waliipoza zebaki na kuona ukinzani wake ukitoweka kwenye kelvini 4.2. Boma la Mikindani lilikuwa na umri wa miaka 16 na bendera juu yake ilikuwa ya Mjerumani. Jibu la kwa nini inatokea lilipatikana mwaka 1957: John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, Marekani. Miaka 46! Mjerumani alikwishaondoka, Mwingereza alikwishaingia, na TANU ilikuwa na miaka mitatu.

Dalili ya kwamba mitetemo ndiyo mshenga ilionekana mwaka 1950, wakati mradi wa karanga ukiwatoa jasho Waingereza huku kusini. Watafiti walipima zebaki yenye atomi nzito zaidi wakaona inahitaji baridi zaidi kidogo. Kama uzito wa atomi unabadilisha matokeo, basi atomi zimo mchezoni. Mwaka huohuo Herbert Fröhlich alipendekeza nadharia ya elektroni kuunganishwa na mitetemo. Watatu wa 1957 walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1972, na Bardeen, aliyekuwa tayari na ya 1956, akawa mtu pekee hadi leo mwenye Nobel mbili za fizikia.

8. Umeme usiokata

Anzisha mkondo kwenye pete ya metali iliyofikia hali hii ya ukinzani sifuri, ondoa betri, ondoka. J. File na R. G. Mills walipima mwaka 1963 na kukadiria kwamba mkondo wa aina hiyo ungedumu si chini ya miaka 100,000. Kilwa Kisiwani, mji mkongwe wa pwani yetu ya kusini, una miaka elfu moja na ushei. Zidisha kwa mia hivi.

Mashine za MRI hospitalini hutumia sifa hiyo: nyaya za niobiamu na titani, zikiwa ndani ya heliamu ya kimiminika, hutoa sumaku ya tesla 1.5, zaidi ya mara 30,000 ya ile ya dunia. Mkubwa wa kundi ni mtambo wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa: duara la kilomita 27, sawa na kwenda Mikindani na kurudi Mtwara, kisha kuanza safari ya pili. Ndani yake zimo sumaku kuu 1,232, kila moja ikipitisha karibu ampea 12,000 kwenye kelvini 1.9. Septemba 2008 kiungo kimoja kilipoteza hali hiyo, ukinzani ukarudi, na tani 6 hivi za heliamu zikamwagika. Heliamu si ya kumwaga ovyo. Nyumbani tunayo: mwaka 2016 ilitangazwa hazina ya zaidi ya futi za ujazo bilioni 50 katika bonde la Rukwa.

9. Mwepesi kuliko wote

Vuka Ruvuma hapa Kilambo, ingia Cabo Delgado, shuka hadi Balama: mgodi wa kinywe ulio miongoni mwa mikubwa duniani. Upande wetu, Ruangwa nako kinywe kipo tele. Milimita moja ya kinywe ni tabaka milioni 3 zilizolaliana. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, Manchester, walibandua tabaka moja kwa selotepu ya kawaida, wakachukua Nobel mwaka 2010. Mwaka 2008 tabaka hilo lilipimwa kwenye baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri: wepesi wa elektroni kusukumika ulifika sentimita za mraba 120,000 kwa volti-sekunde, dhidi ya 1,400 wa silikoni ya simu yako katika joto la chumbani. Mitetemo mikali ya kaboni inahitaji nishati nyingi kuamshwa, hivyo elektroni inapita wakati fononi nyingi bado zimelala.

Kinyume chake: kloridi ya potasiamu, nduguye chumvi ya mezani. Humo elektroni inatembea ikiburuta mtetemo ulioizunguka, na uzito wake unapanda takriban mara 2.5.

10. Kombe la joto

Bila kubanwa kwa presha, kinara wa timu ya fononi ni magnesiamu diboridi: kelvini 39, iliyotangazwa na Jun Akimitsu, Japani, Januari 2001. Oksidi za shaba zimevuka kelvini 130, lakini hizo nimezitoa kwa kadi nyekundu, kwa sababu wanafizikia wengi hawaamini kwamba mitetemo ndiyo inayoziunganisha elektroni zake.

Ukikubali kubana, mambo yanabadilika. Mwaka 2015 kikundi cha Mikhail Eremets, Mainz, Ujerumani, kilifika kelvini 203 kwa muungano wa hidrojeni na salfa. Mwaka 2019 wakatangaza kelvini 250 kwa hidrojeni na lanthanamu. Hizo ni nyuzi 23 chini ya sifuri; friza ya samaki ni nyuzi 18 chini. Tofauti ni nyuzi tano! Tatizo ni presha: angahewa milioni 1.7, zaidi ya mara 1,500 ya ile ya sakafu ya bahari penye kina kikubwa kuliko pote duniani, kwenye chembe isiyofikia unene wa unywele, ikibanwa kati ya ncha mbili za almasi.

Waliodai kulifikia joto la chumbani wapo. Makala mawili yaliyochapishwa na jarida la Nature, la 2020 na la 2023, yote yamefutwa. Rekodi tunayoihesabu hapa inabaki kelvini 250, na siku yenye nyuzi 27 pale Mtwara, pengo ni nyuzi 50.