Kadi ya manjano, panya waliopooza na siri ya neva

Msafiri anayevuka mpaka wa Namanga, Mutukula au Rusumo huenda akatakiwa kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ilimpatia Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Wachache wanajua kwamba jina lake limebaki pia katika utafiti wa ugonjwa mwingine kabisa: maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mayelini, utando wa mafuta unaozunguka neva za ubongo na uti wa mgongo kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Utando ukichubuka, ujumbe hukwama njiani: jicho hufifia, mguu hufa ganzi, mwendo huyumba. Watu zaidi ya milioni 2 duniani wanaishi na ugonjwa huu.

Daktari hawezi kufungua ubongo wa mgonjwa kila wiki kutazama jeraha. Ndiyo maana watafiti hutumia wanyama.

Mwaka 1933 jijini New York, Thomas Rivers na wenzake waliwadunga tumbili dondoo la ubongo wa sungura mara nyingi. Walitaka kujua kwa nini baadhi ya watu waliochanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa chanjo iliyotokana na neva za wanyama, walipooza. Baadhi ya tumbili nao walipooza, na mayelini yao ikaharibika.

Theiler, kwa upande wake, aliona panya wa maabara wakipooza miguu ya nyuma. Akagundua virusi ambavyo baadaye vilibainika kuharibu mayelini taratibu. Njia ya tatu ni kuwalisha panya kemikali iitwayo kuprizoni. Baada ya wiki chache mayelini huharibika. Ikiachwa, huanza kujijenga upya. Hapo ndipo watafiti huchunguza namna neva zinavyojitengeneza.

Kazi hiyo imezaa matunda. Mwaka 1992 kingamwili ya kuzuia seli za kinga zisipenye kwenye ubongo iliwakinga panya. Kutokana na utafiti huo ikaja natalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Mwaka uliofuata ilisitishwa baada ya wagonjwa kadhaa kupata maambukizi hatari ya ubongo, kisha ikarudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali.

Dawa nyingine, ya kuzuia protini ya TNF, haikuwa na bahati hiyo. Wanyama walipata nafuu, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa wagonjwa walioitumia walishambuliwa na MS mara nyingi zaidi kuliko waliopewa dawa bandia.

Kwa hiyo, ukisikia dawa "imeponya panya", uliza mambo mawili: panya hao waliumizwa kwa njia gani, na je, imeshajaribiwa kwa binadamu?