Elijah Harper: Mbunge aliyesema ‘hapana’ na kukwamisha mabadiliko ya katiba ya Kanada

Juni 1990, bunge la jimbo la Manitoba, Kanada. Inaombwa ridhaa ya wabunge wote. Mmoja wao, unyoya wa tai mkononi, anajibu kwa sauti ya chini: hapana.

Huyo ni Elijah Harper. Mpango wa kubadili katiba ya nchi nzima ukakwama. Mtu mmoja aliwezaje?

Harper ni nani?

Alizaliwa 1949 Red Sucker Lake, eneo la mbali kaskazini mwa Manitoba, katika jamii ya Oji-Cree. Kama watoto wengi wa wenyeji asilia wa Kanada, alipelekwa shule za bweni zilizowekwa ili watoto waache lugha na mila zao.

Wakati huo wenyeji wengi hawakuruhusiwa kupiga kura ya taifa mpaka wakubali kuacha hadhi yao ya kisheria kama wenyeji. Sharti hilo liliondolewa 1960, Harper akiwa na miaka 11.

Mwaka 1978 akawa chifu wa jamii yake. Mwaka 1981 akaingia bunge la Manitoba, na baadaye akawa waziri katika serikali ya jimbo.

Ugomvi ulikuwa nini?

Mwaka 1987 Waziri Mkuu Brian Mulroney na viongozi wa majimbo yote 10 walikubaliana mpango ulioitwa Meech Lake. Lengo lilikuwa kuivuta Quebec, jimbo lenye Wakanada wengi wanaozungumza Kifaransa, ambalo lilikuwa halijaridhia katiba ya 1982. Quebec ingetambuliwa kuwa jamii ya kipekee.

Wenyeji wakauliza: mbona sisi tuliokuwa hapa kabla ya Wafaransa na Waingereza hatujaitwa mezani?

Kwa nini sauti moja ilitosha?

Majimbo yote yalipaswa kupitisha mpango kabla ya Juni 23, 1990. Manitoba ilichelewa. Kanuni za bunge lake zilitaka hoja itolewe taarifa mapema, kisha wananchi wasikilizwe, na hilo linakula muda.

Njia ya mkato ilikuwa moja tu: wabunge wote wakubali kuruka hatua hizo. Yaani akikataa hata mmoja, basi. Harper akakataa, siku baada ya siku, huku wenyeji wakikusanyika nje kumuunga mkono. Muda ukaisha. Newfoundland nayo haikupiga kura, na mpango ukafa.

Kulikuwa na gharama?

Ndiyo. Watu wengi wa Quebec waliona wamekataliwa, na hasira hiyo ilichochea harakati za kujitenga. Katika kura ya maoni ya 1995, waliotaka kubaki Kanada walishinda kwa asilimia 50.58 tu.

Kwa wenyeji, mlango ulifunguka. Mazungumzo ya katiba yaliporudi 1992, viongozi wao walikuwa mezani, na haki yao ya kujitawala iliandikwa kwenye rasimu. Rasimu hiyo nayo ilikataliwa na wapiga kura, lakini kuwaacha nje kulikuwa hakuwezekani tena.

Harper alikuwa mbunge wa taifa kuanzia 1993 hadi 1997. Alifariki 2013, akiwa na miaka 64. Hakuvunja kanuni yoyote ya bunge, alizijua, akazitumia.