Kufasiri Kumbukumbu za Hebaria za Nyasi ya Sporobolus virginicus katika Pwani ya Mtwara na Maingilio ya Mto Ruvuma

Sporobolus virginicus ni nyasi asilia ya mwambao wa Afrika Mashariki. Huota kwenye mchanga wa fukwe na tambarare za chumvi nyuma ya mikoko, nayo huenea zaidi kwa mashina yatambaayo chini ya ardhi kuliko kwa mbegu. Ushahidi wa mahali ilipoota zamani hupatikana katika hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ambamo kila kielelezo huambatana na lebo ya mkusanyaji, tarehe na mahali. Makala haya yanafafanua kuwa, kwa pwani ya Mtwara, lebo hiyo haitoshi kuthibitisha mahali pasipo kufasiriwa kihistoria. Sababu ni tatu.

Kwanza ni upana wa majina. Flora of Tropical East Africa (1952–2012) iliigawa Tanzania Bara katika kanda 8. Mtwara imo katika T8, kanda inayoanzia pwani hadi Songea. Hivyo, alama hiyo peke yake haitofautishi ufuko na bara. Vilevile, "Mikindani" huweza kumaanisha mji au wilaya nzima ya enzi ya ukoloni.

Pili ni mpaka. Kuanzia 1894 hadi 1916 Wajerumani waliitawala Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, ambayo leo imo Msumbiji. Kwa hiyo, lebo ya kipindi hicho inayotaja koloni la Kijerumani na Ruvuma pekee haionyeshi ni ukingo upi wa mto.

Tatu ni upotevu. Sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin-Dahlem, iliyotunza makusanyo ya koloni hilo, iliteketea kwa mabomu mnamo Machi 1943. Vilivyosalia ni hasa nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine. Kukosekana kwa kielelezo, basi, si uthibitisho kwamba nyasi haikuwepo.

Suala hili lina uzito kwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na mabadiliko ya uoto wake hayapimiki bila kujua hali ya awali. Lebo zinazotaja ufuko mahususi ndizo pekee zinazofaa kuwekwa kwenye ramani kama nukta. Zinazotaja wilaya au kanda zionyeshwe kama eneo. Nukta iliyobuniwa kutokana na jina pana huweza kutafsiriwa baadaye kuwa nyasi imetoweka, ilhali pengine haikuwahi kukusanywa hapo.