Kosa la Kazi au la Mtenda Kazi?

Filamu ya katuni itengenezwayo kwa kompyuta kwa kawaida huwa na picha 24 kwa kila sekunde. Hivyo filamu ya dakika 5 ina picha 7,200. Tuchukulie kwamba kukokotoa mwanga, vivuli na rangi za picha moja kwahitaji dakika 10. Kompyuta moja itafanya kazi hiyo kwa siku 50, usiku na mchana. Kompyuta 10 zikigawana, kwa siku 5. Kundi hilo huitwa shamba la kompyuta, nalo huwa na programu ya kuligawia kazi.

Programu mojawapo ni Flamenco, ambayo toleo lake la 3 lilitolewa mwaka 2022. Linalotuvutia sisi walimu ni namna inavyopokea kushindwa. Kompyuta ikishindwa fungu lake la picha, fungu hilo hupewa nyingine. Kwa kawaida, zikishindwa kompyuta tatu, ndipo kazi yenyewe huhesabiwa kuwa na kasoro. Aidha, kompyuta ikishindwa mara kwa mara kazi ya aina moja, huzuiwa aina hiyo tu, si kazi zote.

Na sisi darasani je? Mtoto akikosa swali, yatupasa kwanza tuwatazame wenzake. Wengi wakikosa, na turudie swali letu na jinsi tulivyofundisha. Akikosa peke yake, tusimhukumu kuwa mzito wa kila jambo. Wala mtoto si kompyuta ya kuzuiwa: penye ugumu ndipo anapomhitaji mwalimu.