Je, Wajua? "Reel in" huvuta, "rein in" huzuia

Kitenzi cha Kiingereza reel in kimetoka kwenye uvuvi wa fimbo: samaki akishanasa kwenye ndoana, mvuvi huzungusha kigurudumu na kukunja mshipi mpaka samaki amfikie. Ndiyo maana humaanisha pia kumvuta mtu aje kwako, hasa mteja. Wengi hukichanganya na rein in, ambacho asili yake ni hatamu: kumbana farasi anayekwenda kasi. Kwa mkazi wa Kabiria, mtaa wa Nairobi, hatamu ndizo zilizo jirani, kwani uwanja wa mbio za farasi uko Barabara ya Ngong. Uvuvi wa kigurudumu ni mambo ya mito ya Aberdare na bahari ya Watamu.

Atauliza mtu: si yote ni kudhibiti tu? La, na mikopo ya simu ni ushahidi. Kampuni zilipowavutia wakopaji kwa pesa za papo hapo bila dhamana, hiyo ilikuwa reel in. Sheria ya Benki Kuu ya Kenya iliporekebishwa Desemba 2021 ili wakopeshaji hao wahitaji leseni, hiyo ikawa rein in. Ni kweli lugha hubadilika, na hata Waingereza wenyewe huteleza hapa kwa kuwa matamshi yanakaribiana. Lakini mazoea hayatoshi kuwa hoja pale maana zinapopingana: anayeandika kwamba wizara inataka reel in ya matumizi amesema kwamba inayatafuta kwa chambo.